Mahindi Yaliyokula Moshi

Nilipofungua mfuko wa mahindi yaliyotoka Lukozi, maabara nzima ilinuka jiko la mama yangu. Sikuhitaji kusoma kibandiko. Punje zilikuwa na masizi, na masizi yale nayajua tangu nikibebwa mgongoni.

Nilimwambia Dakta Kornelio, mkuu wa mradi wetu pale Lushoto, kwamba mahindi hayo yamekaa juu ya moto, tusiyapime. Akacheka.

"Hidaya, tunapima protini. Hatupimi harufu."

Kazi yetu ilikuwa kulinganisha. Upande mmoja yalikuwapo mahindi mapya, yaliyobadilishwa vinasaba ili yajitengenezee protini ya kuua funza wa mabua. Hayo yalikuja kwa ndege kutoka ng'ambo, ndani ya makopo yaliyozibwa. Upande wa pili ni mahindi ya wakulima wetu wa milimani. Unasaga, unaloweka, unakamua protini, kisha unazisukuma kwa umeme ndani ya jeli laini kama uji ulioganda. Ukitia rangi, kila protini inaonekana mahali pake, mstari wa buluu. Mahindi mapya yalitoa mistari iliyokolea. Ya Lukozi yalitoa vivuli tu.

"Umeona?" alisema Dakta. "Chakula chenu ni makapi."

Chenu, alisema. Nilikasirika, sifichi, na hasira ile ilinifaa kuliko darasa lolote nililopita.

Baada ya Idi kungekuwa na mkutano Lukozi. Zilikuwa enzi za soko huria. Ushirika ulishakufa, na mbegu aliileta yeyote mwenye gari na kofia yenye nembo. Mradi ulitaka Lukozi kiwe kijiji cha kwanza kupanda mahindi mapya vibali vikitoka. Sharti lilikuwa kila kaya itoe mbegu yake ya zamani ikasagwe, isije ikachanganyika na mpya. Picha ya jeli yetu ndiyo ingewashawishi watu. Mbegu ya mama aliachiwa na mama yake, naye aliachiwa na wake. Ikisagwa, ndiyo basi.

Mwezi wa mfungo ulipoandama nikapanda Lukozi. Mama, Bi Rukia, nilimkuta jikoni akichambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekuja na uso huo?"

Nikamuuliza kwa nini alimpa dereva wa mradi mahindi ya darini, juu ya moto wa jiko. Akanitazama kama niliyemtukana.

"Ulitaka nimpe yapi? Watu wametoka mjini na gari, mwenyekiti kawaelekeza kwangu, niwape mahindi yasiyokula moshi, kesho yatobolewe na dumuzi waseme Rukia hajui kuhifadhi? Nilishusha ya mbegu, yaliyokaa juu ya moto kuliko yote. Hata wewe sijawahi kukupa hayo."

Nilikaa chini kwenye kigoda. Kwetu mahindi ya heshima ni yale meusi. Mama aliwatolea wageni kilicho bora kuliko vyote, na wema huo ndio uliomponza. Moto wa kila siku hukaza protini. Zimo humo humo ndani ya punje, ila hazikubali kukamuliwa. Hakuna mtu wa Lukozi ambaye angewapa wageni mahindi yasiyokula moshi, na hakuna mtu wa maabara aliyeuliza.

Nikatoa kitambaa chenye konzi ya mahindi mapya. Niliyachukua kwenye kopo bila ruhusa ya mtu.

"Haya nataka yakae juu ya moto wako mfungo mzima."

"Hayo ya sumu? Juu ya futari yangu?"

"Nani kasema ni sumu?"

"Soko zima linasema."

"Mimi sijasema, mama."

Alinuna. Lakini alipanda darini mwenyewe akayafunga pembeni, mbali na ya kwake, kama anayemtenga mgonjwa wa surua. Mimi nikaenda shambani nikavunja mahindi yaliyokaukia kwenye mabua, ambayo moshi haujayaona, nikarudi nayo Lushoto.

Mfungo ulipokwisha nikayafuata yale ya juu ya moto, nikapima yote pamoja, siku moja, jeli moja. Mahindi yetu yasiyo na moshi yalitoa mistari iliyokolea sawasawa na yale mapya. Mapya yalizidi kwa mstari mmoja tu, ule wa kuua funza. Na yale mapya yaliyokaa juu ya moto wa mama? Yalififia kama ya kwetu. Niliipiga picha jeli ile, nikacheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka.

Dakta hakucheka.

"Nani kakuagiza?"

"Hakuna."

"Mkutano una wafadhili, Hidaya. Tumeshawaandikia matokeo. Picha hii haitoki humu ndani."

"Itatoka."

"Basi na wewe utatoka nayo."

Nikaikunja ndani ya kanga. Liwalo na liwe.

Nilifika nyumbani jioni, kesho yake ndiyo mkutano. Nilidhani walau mama atafurahi. Akaisikiliza habari yote, halafu akasema, "Vizuri. Sasa kesho waambie ni sumu, yaishe."

"Sikupima sumu, mama."

"Wewe ndiye msomi. Ukisema ni sumu, nani atakubishia?"

"Yeye naye ni msomi, kasema chakula chetu makapi. Nikisema nisilolipima nina tofauti gani naye?"

"Tofauti ni kwamba wewe ni mwanangu."

Mwamba ngoma huvutia kwake. Dakta alivutia kwake, mama alivutia kwake, na mimi niliyekuwa katikati nikaapa kwamba hakuna atakayenipiga kama ngoma. Tulilala bila kuagana.

Asubuhi watu walijaa uwanja wa shule, kila mmoja na kikapu cha mbegu miguuni. Mama alikaa mbele na chake. Dakta akanyanyua picha ya kwanza, akaeleza mistari, akasema mmeona wenyewe. Wazee waliolisha watoto wao kwa mahindi yale waliinamisha vichwa kwa aibu. Hapo nikasimama.

"Ile picha ni ya moshi," nilisema, nikafungua yangu. Nikawaonyesha mahindi yetu ya shambani yasiyokula moshi, kisha yale mapya ya mradi kabla ya moshi na baada ya moshi. "Dakta, ya kwenu nayo nimeyaning'iniza juu ya mafiga. Kama yetu ni makapi, na hayo pia."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mpaka mbele. Mzee Zuberi, mwenyekiti wa kijiji, alinyanyua mkono watulie.

"Hidaya, hiyo protini moja iliyozidi ina madhara?"

Mama alinikazia macho.

"Sijui, mzee. Imewekwa iue funza. Inafanya nini tumboni mwa mtu, mimi sijapima, na hapa hakuna aliyepima. Msiite sumu kwa kinywa changu. Na msitoe mbegu yenu kwa picha ile."

Nusu ya watu walitaka zaidi ya hapo, niliwaona. Mzee Zuberi akakohoa.

"Basi kila mtu arudi na kikapu chake."

Dakta alinipita akielekea garini. "Jumatatu usije," alisema bila kunitazama.

Mama alijitwika kikapu, akatangulia. Tulipofika alipanda darini akarudisha mahindi juu ya moto, moja baada ya jingine, nami nikawa nampasia. Yalipokwisha akashuka, akachukua machache ya shambani ambayo hayajaona moshi, akatoka nje, akayafunga chini ya upenu, mahali ambapo moshi haufiki.

"Hayo yataliwa na dumuzi, mama."

"Nitayachambua kila siku. Ni ya maabara."

"Sina maabara tena."

"Utapata nyingine," alisema akikaza fundo. "Na ukifika huko, hiyo protini yao uipime mpaka tumboni."