Karai Lisikauke

Mkata mawe wa maabara alikuwa na mwiko mmoja: jiwe halitoki mezani kwake likiwa chafu. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa akikata mawe, akiyasugua kwa brashi na sabuni, na kuyakabidhi yaking'aa kama vyombo vya harusini.

Asubuhi hiyo bosi wake, Daktari, ambaye pia alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, alimletea kipande cha mwamba wa magadi. Ndani yake mlikuwa na fuwele nyekundu, michemraba midogo yenye kona kali kana kwamba imechongwa na seremala. Daktari alikuwa ameitafuta miaka saba, na kipande kilikuwa hicho hicho kimoja.

"Shemeji, humu mna sodiamu, florini na kitu kingine ambacho hakuna aliyewahi kukiona," alisema. "Leo msumeno wako hauguswi na maji, maana fuwele hii huyeyuka kama chumvi. Kata kwa mafuta. Saa nne wataalamu watatu wanakuja kuipima, waamue kama ni madini mapya. Ukiniharibia utafungasha virago, na dada nitamweleza mwenyewe."

"Kwani mimi mtoto?"

Akakata kwa mafuta, taratibu, jasho likimtiririka. Kazi ikatoka safi. Ila jiwe lilinuka kama gereji, na hilo hakulivumilia. Mikono ikafanya ilichozoea: karai, maji ya moto, sabuni, brashi.

Alipolitoa, wekundu haukuwepo. Yalibaki matundu ya mraba, matupu, safi kabisa.

Mlango ukafunguliwa. Daktari akaingia na wataalamu wake.

"Iko wapi?"

"Imeoga, shemeji."

Daktari akakaa sakafuni palepale.

Mtaalamu wa kwanza, mnene, aliinamia matundu na lenzi yake. "Umbo kamili! Kila kona nyuzi tisini. Sijaona fuwele nzuri namna hii."

"Lakini haipo, mzee," mkata mawe akasema.

"Sikusema kwamba ipo. Nimesema umbo."

Wa pili alichota maji ya karai kwa kijiko, akayapima kwenye mashine yake. "Sodiamu ipo. Florini ipo. Na kile kingine kipo!"

"Na sabuni," mkata mawe akasema, maana hakupenda uongo.

"Usinifundishe kazi."

Wa tatu, mwenyekiti wao, alikohoa. "Basi madini yapo. Umbo liko kwenye jiwe, kemia iko kwenye karai. Tatizo ni moja. Maji yakikauka, fuwele zitaota upya humu, na zitakuwa kazi ya binadamu. Kazi ya binadamu si madini. Kwa hiyo karai lisikauke."

"Mpaka lini?" Daktari aliuliza kutoka sakafuni.

"Kanuni haisemi. Nani aliosha?"

Mkata mawe alikuwa ameshaanza kufungua aproni. "Mimi. Naondoka."

"Uende wapi? Wewe ndiye unayejua maji yalikuwa kiasi gani. Utaongeza kikombe asubuhi, kikombe jioni, kila siku. Huyu hafukuzwi. Akifa, mtuandikie barua."

Daktari akainuka, akajifuta vumbi.

"Na sikukuu je? Mimi na mke wangu tulipanga kusafiri," mkata mawe akauliza.

"Madini hayana sikukuu," akajibu Daktari. "Mtaarifu dada kwamba hamsafiri tena."

Mkata mawe akafunga aproni upya, akachukua kikombe, akaenda bombani.