Dakika Nane Juu ya Mau Narok

Kosgei alikuwa akichimba viazi jembe lilipogonga kitu kigumu. Akadhani ni jiwe. Alipokiinua akaona ni kasanduku keusi, kadogo kama pakiti ya sigara. Ilikuwa wiki ya tatu tangu ndege ya Kirit iangukie mikaratusi iliyo kando ya shamba lake, huko Mau Narok. Kosgei alikapangusa udongo kwa kofia, akakafunga kwa gazeti, akateremka nako hadi Nakuru, nyumbani kwa mjane wa Kirit.

Mjane huyo, Manju, hakujua la kufanya nako. Akampigia simu Nabalayo.

"Kuja nyumbani," alisema. "Kosgei ameleta ile kitu ya ndege. Wewe ndiyo unajua kufungua."

Kweli alijua. Kirit alikuwa na duka la vipuri vya magari mjini, lakini kila Jumamosi alipanda Mau Narok, ambako mwenye shamba moja la ngano alimruhusu kutumia uwanja wake wa ndege. Huko alirusha glaida, ndege isiyo na injini, ambayo huvutwa kwa kamba ya winchi, mashine ya kuzungusha kamba, mpaka iwe juu, kisha huachwa ipande na hewa ya moto kama tai. Nabalayo, binti wa fundi wa reli, ndiye aliyekuwa mtu wake wa kubaki chini kwa miaka sita. Aliendesha winchi, alikaa na redio, na jioni alichomeka waya kati ya rekoda ya ndege, kasanduku kale keusi, na kompyuta ndogo ya mkononi ili safari yote ihamie humo: saa, mahali na urefu kutoka chini, kila baada ya sekunde nne. Kirit alikuwa akiketi kwenye buti ya gari na chai yake, akitazama mstari wa safari ukijichora kwenye kioo. "Angalia hapa, Nabalayo," angesema akicheka. "Hapa nilikuwa mjinga."

Tangu ajali, Nabalayo hakuwa ameigusa kompyuta ile. Aliitoa kabatini, akaichaji, akaitia kwenye mkoba pamoja na waya wake. Njia nzima kwenda Milimani, mtaani kwa Manju, aliwaza jambo moja ambalo Manju hakulijua, na polisi hawakulijua.

Siku ya ajali, saa nane na nusu mchana, Kirit alimwambia kwa redio kwamba yuko juu ya ukingo wa bonde na mambo ni mazuri. Nabalayo akaiacha redio juu ya kiti, akatembea hadi kwenye lango la shamba, mahali pekee ambapo simu ilishika mtandao. Binti yake Mitchelle alikuwa amepata barua ya kuingia Form One, na mama alitaka kusikia hiyo furaha kwa masikio yake. Alikusudia dakika tano. Zikapita ishirini. Mitchelle alimsomea orodha nzima, kuanzia godoro mpaka ndoo, na wakacheka kwamba shule inataka jozi sita za soksi kana kwamba mtoto ana miguu kumi na miwili. Katikati ya kicheko hicho upepo uligeuka. Ulimvua leso kichwani, na akaliona vumbi likitimka kutoka mashariki. Aliliona, na akaendelea kuongea. Aliporudi kwenye redio na kumwita Kirit, ilikoroma tu.

Polisi walipomhoji, alisema hakubanduka kwenye redio hata kidogo, na kwamba Kirit hakuita.

Manju alimfungulia mlango mwenyewe. Alikuwa amevaa nguo nyeupe, na alikuwa amekonda. Sebuleni picha ya Kirit ilikuwa imevishwa shada la maua, na rekoda ilikuwa mezani, bado juu ya gazeti la Kosgei.

"Fanya tu," alisema Manju. "Mimi naleta chai."

Nabalayo alisafisha tundu la rekoda kwa njiti ya kiberiti, akachomeka waya. Taa ya kijani ikawaka. Alikuwa ameomba moyoni isiwake. Kompyuta ikaanza kuvuta kumbukumbu polepole, kisha ikasema imemaliza, ikauliza kama afute zilizobaki kwenye rekoda. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe. Angeweza kufuta kwenye rekoda na kwenye kompyuta pia, aseme maji yaliingia. Nani angemkosoa? Jikoni alisikia vikombe. Akabonyeza hapana.

Manju alirudi na sinia, akaketi karibu naye mpaka mabega yakagusana.

"Inasema nini?"

"Saa yake iko nyuma ya yetu masaa matatu, Mama. Lazima niongeze." Nabalayo alifuata mstari kwa njiti ile ile ya kiberiti. "Hapa ni saa nane na nusu. Alikuwa anapanda vizuri. Hapa, saa nane na dakika thelathini na nane, amegeuka arudi nyumbani."

"Na alikufa saa ngapi?"

"Mstari unaisha saa nane na arobaini na sita."

Manju aliweka kikombe chini. "Nabalayo, niambie ukweli. Alikuwa hai hizo dakika nane? Ama moyo ilikuwa imesimama?"

"Kwa nini moyo, Mama?"

"Asubuhi alisema kifua inachoma. Mimi nikasema ni pilipili ya jana, enda tu. Mimi ndiyo nilisema enda." Aliitazama ile picha yenye shada. "Kila siku najiuliza. Mimi nilimtuma afe."

Nabalayo alimtazama. Alikuwa amekuja akiwa tayari kubeba siri yake mpaka kaburini, lakini hakujua kwamba mwenzake alikuwa akiubeba mzigo huo huo kila siku.

"Hapana," alisema. "Moyo wake ulikuwa mzima. Angalia. Hapa anakwepa kilima. Hapa anatafuta hewa ya kupanda, anazunguka mara moja, anakosa, anaendelea. Mtu amezimia hawezi kugeuza ndege hivi. Alikuwa anaendesha mpaka mwisho."

"Sasa nini ilimwangusha?"

"Upepo uligeuka. Alikuwa anapigana nao akija uwanjani, na unamsukuma chini. Hapa chini yake kulikuwa na mabua ya ngano matupu, shamba baada ya shamba. Angeshuka popote. Lakini alidhani atafika."

"Na hakuita wewe?"

Hapo ndipo Nabalayo alipoitua kompyuta mezani.

"Akigeuka nyumbani lazima aite, Mama. Hajawahi kukosa. Nafikiri aliita. Mimi sikuwa kwa redio. Nilikuwa kwa lango, naongea na Mitchelle kwa simu. Niliona upepo ukigeuka. Ningekuwa pale ningemwambia usije, shuka kwa mabua. Polisi niliwadanganya."

Manju hakupiga kelele. Aliufuata mstari ule kwa kidole, tena na tena, mpaka chai ikashika utando juu.

"Angesikia wewe?" aliuliza hatimaye.

"Sijui, Mama. Mara nyingine alikuwa anasikia."

"Toka kwa nyumba yangu."

Nabalayo alitoka. Kompyuta aliiacha pale pale mezani.

Kesho yake alikwenda kituo cha polisi kubadilisha maelezo. Walimkaripia, wakaandika, wakamwambia aende, ataitwa. Hakuitwa. Ripoti ilipotoka ilitaja upepo. Uwanja ule ukalimwa ngano, naye akapata kazi ya kufagia kwenye ghala moja mjini. Mitchelle alikwenda shule na jozi zake sita za soksi. Mama yake hakumwambia kamwe simu ile ilipigwa wakati gani.

Mwaka ukapita. Januari ya vurugu za uchaguzi ikaja, majirani wengine wakahama na hawakurudi. Siku moja mwezi wa Aprili 2008, Manju alisimamisha gari mbele ya lile ghala na kumwita.

"Sijakusamehe," alisema kabla ya salamu. "Usidhani nimekusamehe. Lakini nataka kuona, na hakuna mtu mwingine anajua alipitia wapi. Ingia."

Walipanda Mau Narok. Kando ya barabara palikuwa na nyumba zisizo na mapaa, na nyasi zilikuwa zimeanza kuota vyumbani. Kosgei aliwapokea, akawaongoza hadi shambani, kisha akarudi nyuma kwa heshima na kuvua kofia.

"Onyesha," alisema Manju.

Nabalayo aliinua mkono kuelekea ukingo wa bonde, akauleta polepole juu ya kilima, juu ya mashamba, juu ya paa la Kosgei. Mkono ulipofika kwenye mikaratusi akashindwa kuushusha. Manju aliushika kwenye kifundo. Aliushikilia hivyo hivyo, kwa nguvu mpaka ukauma, akitazama juu, na wote wawili wakaanza kulia.