Msimwamshe

Mimi sina subira, na sitajifanya ninayo. Mwaka ule wa nzige, Shomari alipobatizwa kwenye chuo cha ualimu cha misheni kule Kisarawe, nilimwambia mbele ya majirani wa Msimbu: "Kuanzia leo sina ndugu." Mdogo wangu wa pekee! Mama alipofariki nilimlea mimi, namfunga mgongoni huku napalilia mpunga wa watu.

Wala hakukasirika. Kila likizo alikuja, tukalima, akarudia kuniambia yale yale: "Dada, Jumapili wanafunzi tunapokezana kusoma kanisani. Zamu yangu ikifika, njoo usikie. Kaa hata nje." Alikuwa akijizoeza shambani, anawasomea ndege walioshuka kula mpunga. Na sauti alikuwa nayo, jamani! Mimi namjibu, "Wasomee hao hao ndege, ndio wenye nafasi."

Alhamisi moja akaja mwanafunzi mwenzake, Saburi, kijana wa Tangini.

"Shikamoo, dada. Shomari ana homa kali. Jumapili hii ndiyo zamu yake, anauliza kama utakuja."

"Marahaba. Waambie hao ndugu zake wapya wamwombee."

Saburi akaondoka, hata maji hakunywa. Ee Mola, ulimi huu!

Siku mbili sikupata usingizi. Jumapili alfajiri nikapika uji wa nazi, nikautia kwenye kibuyu, nikashika njia ya Kisarawe. Nilikuwa na haja moja tu: nimshike mkono nimwambie, "Wewe ni ndugu yangu, lile neno nimelifuta." Halafu nimsikie akisoma, kama ana nguvu.

Nilifika kengele inalia, wanafunzi wamejipanga mlangoni na mashati yao meupe. Saburi akaniona, akaja mbio, macho mekundu.

"Dada, umefika! Shomari amelala."

"Alhamdulillahi," nikasema. Mgonjwa akipata usingizi si ndiyo nafuu yenyewe? "Basi msimwamshe. Mimi nitakaa hapa ngazini mpaka aamke."

Akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Amina, dada," akaingia ndani. Nikajisemea, kumbe kijana mwenyewe hana kinyongo. Nikakaa, nikakipakata kibuyu kisipoe.

Wakaanza kuimba. Jamani, waliimba kwa nguvu, wengine kama wanalia! Nikavumilia wimbo mmoja, wa pili ukanishinda. Watu gani hawa, mwenzao mgonjwa amelala hapo jirani! Nikainuka, nikasimama mlangoni.

"Punguzeni sauti, mtamwamsha!"

Wakanyamaza wote. Mbele yao palikuwa na sanduku refu la mbao, limefunikwa shuka jeupe. Sisi hatuziki kwa sanduku, lakini nilijua ni nini. Juu ya shuka kulikuwa na kile kitabu chake cha kusomea ndege, nyuzi zimefumuka upande mmoja. Nilikishona mimi mwenyewe.

Saburi alikuja akanishikilia. "Dada, hukukutana na mtu tuliyemtuma alfajiri? Alifariki jana jioni. Sisi tunasema amelala, kwa kuwa tunaamini ataamshwa. Uliposema utakaa mpaka aamke, nilidhani umekubaliana nasi."

"Aliniulizia?"

"Mpaka mwisho. Nilimwambia utakuja. Yale mengine sikumwambia."

Mtoto wa watu alinifichia aibu yangu! Nililia humo kanisani, nililia nikiwa nimekaa sakafuni, uji umemwagika wote. Mwalimu wao alitaka kunitoa nje nipate hewa, nikamsukuma. Saburi akaanza kusoma ile zamu ya Shomari, sauti ikamkatika maneno ya kwanza tu, akafunga kitabu.

Nikalishika lile sanduku.

"Si mmesema amelala?" nikawaambia. "Basi mwamsheni. Nina neno moja tu la kumwambia."