Mtoto Aliyekatazwa Kuzaliwa

Bastien, bawabu wa nguzo ya Malkia mjini Paris, mnara wenye ngazi ndani wa kutazamia nyota, alikuwa na hofu moja tu: mwanawe asije akazaliwa chini ya Zohali, nyota ya kisirani. Yeye mwenyewe alizaliwa chini yake, na tazama, mpaka leo kazi yake ni kuwafungulia wakubwa mlango wapande juu kuzungumza na mbingu. Basi mkewe Jacquette aliposhikwa na uchungu katika chumba chao chini ya nguzo, mnajimu Messer Orazio alikubali kupanda kumvizia Mshtarii, nyota ya heri.

Mtoto hana habari na nyota. Alitoka asubuhi, mvua ikinyesha, wa kike, na mapafu yake mazima.

"Huyo hajazaliwa," Messer Orazio alipaza sauti kutoka juu. "Akizaliwa saa hii atanyongwa. Asinyonye wala asivishwe mpaka nimwone Mshtarii. Kunyonya ni kukiri kwamba upo."

Na watu wazima wakakubali, jamani. Bastien alimtia mtoto kapuni, akaenda kumlinda penye mlango wa nguzo, mama yake asije akamzaa kwa kumnyonyesha. Majirani walipouliza kile kilio ni cha nini, akasema ni paka. Padri alikuja na maji ya ubatizo, akarudishwa nayo.

"Kwa hiyo na mimi sijazaa?" Jacquette aliuliza kutoka kitandani, hawezi hata kuketi. "Haya maumivu nimeazima kwa nani?"

"Vumilia, mke wangu. Ni kwa heri yake."

"Heri yake ni maziwa yangu, mpumbavu wewe. Nipe mwanangu."

Hakumpa. Mawingu nayo hayakupisha. Jioni kile kilio kikawa chembamba, kisha kikakatika. Bastien akafunua kapu, akagusa mguu, akaukuta wa baridi. Hapo akili ikamrudi, kwa woga mtupu. Alifungua shati, akambana mtoto kifuani, akakimbia naye kwa Jacquette huku akilia. Mtoto alitafutatafuta, akakosa, akapata, akavuta.

Ndipo mawingu yakapisha, na sauti ya mnajimu ikashuka kutoka juu. "Namwona! Haya, mwambie azae!"

Bastien alitoa kichwa dirishani. "Umechelewa, bwana. Kazaliwa tangu asubuhi."

"Atanyongwa huyo."

"Ili anyongwe, sharti kwanza akue," Bastien akasema. Akafunga dirisha, baridi isimpige mtoto.