Viti Saba na Buti Lake

Hii ilikuwa yadi ya nne ya magari, na Shangazi alikuwa ameapa moyoni kwamba kaka yake akifungua buti la gari jingine na kusema "hmm", patachimbika. Yadi nne kwa Jumamosi tatu! Jua kali, vioo vya magari vinachoma macho, watoto watatu wa kaka wanagombania chupa moja ya maji, na Mama, aliyewazaa Shangazi na kaka, amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu chini ya mwavuli wa kuazima. Kaka mwenyewe, mpima ardhi wa miaka ishirini kazini, alikuwa amepiga magoti nyuma ya gari kubwa la kijivu, futi ya kushonea ya Shangazi mkononi, akilipima buti kama mtu anayetaka kuligawa viwanja.

"Hmm," akasema kaka.

Jamani! Shangazi akafumba macho.

Msimwone mkorofi. Gari la zamani la kaka lilikuwa na viti vitano, na nyumba ilikuwa na watu saba. Kaka na mkewe, wawili. Watoto, watatu. Wamejaa. Mama na Shangazi wakabaki nyumbani, safari hii, na ile, na ile nyingine, miaka sita. "Wewe dada si una cherehani zako," walimwambia kila mara, kana kwamba cherehani ni mgonjwa anayehitaji kuangaliwa. Binti wa dada yao mkubwa alipoolewa, gauni la bi harusi alilishona Shangazi kwa mikono yake, ushanga mmoja mmoja mpaka macho yakauma, kisha akaja kuliona kwenye simu, picha yenyewe imekatwa miguu. Siku hiyo alilia chooni, maji ya bomba yakiwa wazi ili Mama asisikie. Kaka aligundua hata hivyo, akaja na ahadi yake: gari lijalo ni la viti saba, na hakuna atakayebaki tena. Ahadi hiyo Shangazi aliishika kwa mikono miwili.

"Ndilo hili!" kaka akainuka akijipangusa magoti. Akafungua daftari lake, maana mtu huyu hawezi kununua hata ndoo bila kuichora. "Watu saba, wote wamekaa. Kiti cha Mama kinaingia nyuma, na bado nafasi inabaki ya masanduku mawili. Nimepima mara tatu."

"Tuone," akasema wifi, mke wa kaka, ambaye naye uvumilivu ulikuwa umebaki robo kikombe.

Muuzaji, kijana mwenye tabasamu la kutwa nzima, akavuta kamba mbili. Viti vya safu ya tatu, vilivyokuwa vimelala sakafuni, vikainuka na kusimama wima. Na buti likaenda zake. Ilibaki nafasi ya kusimamisha mwavuli, tena uliofungwa.

Watoto wakainama kuchungulia.

"Buti liko wapi?" mtoto wa mwisho akauliza.

Kaka akatazama daftari, akatazama gari, akalifunua daftari ukurasa wa nyuma. Ukurasa mmoja alikuwa amehesabu watu, viti vikiwa vimesimama. Ukurasa wa pili alikuwa amepima buti, viti vikiwa vimelala. Kurasa zote mbili zilikuwa sahihi mpaka sentimita ya mwisho. Hazikuwahi tu kukutana.

"Mume wangu," wifi akasema polepole, sauti ya hatari hiyo, "unapimia watu mashamba yao hivihivi?"

"Vipimo vyangu havina kosa!"

"Basi tutakaa kwenye daftari!"

Shangazi alitaka kucheka, akamtazama Mama, akaacha. Kama kiti cha magurudumu hakiingii, Mama haendi popote. Na kama kinaingia, safu ya tatu ndiyo italala. Alijua fika nani amepangiwa safu ya tatu.

Muuzaji akaingilia kati mambo yasije yakaharibika. Safu hiyo imegawanyika, akasema. Unalaza kiti kimoja, unasimamisha kimoja. Wakajaribu. Kiti cha magurudumu kikaingia kwa ubavu, kikiegemea kitu chochote kilichokuwa karibu. Mama wakampandisha mbele. Watoto wakajipanga katikati. Wifi akashika usukani, kwa kuwa ndiye atakayeliendesha kila siku kuwapeleka watoto shule. Shangazi akapenya mpaka nyuma, akaketi magoti yakikaribia kidevu, mkono mmoja ukizuia kiti cha Mama kisimwangukie. Raha haikuwepo hata ya kulambia kidole. Lakini alikuwa ndani.

"Zungukeni nalo kidogo mlijaribu," muuzaji akasema. "Ila mmoja abaki hapa na mimi. Ndio utaratibu wa yadi, lazima pawe na dhamana."

Hakuna aliyesema jina. Lakini vichwa viligeuka, kimoja baada ya kingine, vikatazama nyuma. Hata cha mtoto wa mwisho.

"Dada," kaka akasema dirishani, kwa upole wake ule wa kuomba chumvi, "teremka basi mara moja. Wewe huna haraka. Si unajua, mimi lazima nisikilize injini."

Shangazi hakusogea. Miaka sita alikuwa akiteremka hata kabla ya kuambiwa. Akavuta mkanda, akaufunga. Klik.

"Siteremki."

"Dada, dakika tano tu."

"Nimesema siteremki! Mnabeba kiti cha Mama halafu mnamwacha anayekisukuma? Nani atamshusha? Nani anajua anashikwa wapi? Wewe? Na hata kama ningekuwa sina kazi yoyote humu, nimechoka, kaka. Nimechoka kubaki! Mimi nami ni mtu, si kufuli la mlango!"

Wifi akaushika usukani bila kujua amtazame nani. Kaka akaondoa mkono dirishani. Hapo ndipo Mama, ambaye tangu kiharusi maneno yake yalikuwa machache na mazito, akasema bila kugeuka:

"Mkwe wangu. Twende."

Wifi akawasha gari.

Wakazunguka. Dakika tano zikawa kumi, kisha nusu saa, kisha zaidi, maana Mama alinyoosha kidole kushoto, kisha mbele, kisha mbele zaidi, na nani angemkatalia? Huko nyuma joto lilikuwa la kuokea mkate, na goti la Shangazi likafa ganzi. Akatazama maduka yakipita, nguo zilizoanikwa, watu wakivuka barabara, akafurahi mpaka akajionea aibu.

Waliporudi, kaka alikuwa amesimama getini, shati limemganda mgongoni.

"Dakika hamsini!" akapiga kelele kabla gari halijasimama. "Simu hampokei! Nimekaa na huyu kijana hatuna la kuzungumza, kila gari likipita nadhani ni nyinyi! Hivi mnajua mtu anavyojisikia akiachwa tu, wenzake wote wameondoka, na yeye..."

Macho yake yakawapita watoto, yakaenda mpaka nyuma kabisa.

"Najua," Shangazi akasema.

Hakusema kwa ukali. Ukali ulikuwa umemwisha njiani. Kaka akaendelea kumtazama, na taratibu uso wake ukabadilika, kama mtu aliyesomewa barua yake mwenyewe mbele za watu. Akamgeukia muuzaji.

"Una lenye mwili mrefu zaidi?"

"Mzee, hili lina ubaya gani? Sita wamekaa vizuri kabisa."

"Sisi tuko saba," kaka akasema.