Kadi ya Shukrani

Teke la kwanza lilipasua kioo cha mlango. La pili likang'oa kitasa, na Rosalind, aliyekuwa jikoni akimnywesha maziwa mtoto wa siku tisa, akajua ni nani kabla hajamwona.

Balaa hili alijiletea mwenyewe kwa adabu zake. Maxine ndiye aliyewabebea mimba Rosalind na mumewe Alun, kwa mbegu ya Alun iliyopandikizwa kliniki. Craig, mume wa Maxine, alitia saini ya kukubali kule kliniki, kisha Maxine akamkimbia kwa vipigo vyake, bila talaka. Mtoto alipozaliwa, Rosalind akaona haya kutomshukuru mtu aliyetia saini. Akamtumia kadi yenye picha ya sungura, na nyuma ya bahasha akaandika anwani yake kamili, kama mama yake alivyomfundisha. Hata mjinga hafanyi hivyo. Lakini watu wa Lincoln, mji wa Uingereza, usingizi hauwajii kama kuna mtu hawajamwambia asante.

Alun alikimbilia ukumbini. Craig akampiga kichwa cha pua, akamkandamiza ukutani na kumshindilia ngumi za tumbo mpaka akaporomoka.

"Nipe mwanangu, bibie."

"Si wako. Ni damu ya Alun."

"Damu ya Alun hiyo hapo kwenye zulia. Kamuulize wakili wako. Mimi ndiye mume wa aliyemzaa, wewe yaya tu. Maxine akimtaka huyu, arudi nyumbani."

Rosalind akanyakua birika na kummwagia maji ya moto mkononi. Craig akapiga yowe, akamkamata nywele, akambamiza uso kwenye mlango wa friji. Jino likamtoka. Akambamiza tena. Hata hivyo Rosalind hakumwachia mtoto.

Polisi walioitwa na jirani waliingia wawili, wakamlaza Craig chini kwa nguvu, wakamfunga pingu. Nyuma yao akatokea Maxine, mbio mbio, maana Craig alikuwa amempigia simu kujitapa kwamba anakwenda kumchukua mtoto. Alipomwona Craig pale sakafuni, hata kwa pingu, akajikunyata mlangoni.

"Baba kwa sheria ni mimi," Craig alifoka. "Hao wote si kitu. Waulizeni."

Askari wa kike akamgeukia Rosalind. "Ni kweli, dada? Mama wa mtoto ni nani?"

Rosalind alijua jibu. Wakili alikuwa amewaeleza mara tatu: kwa sheria mama ni aliyezaa na baba ni mumewe aliyeridhia; mpaka mahakama itoe amri, Rosalind hana haki yoyote, na hata ridhaa ya Maxine ya kumtoa mtoto haihesabiki kabla mtoto hajafikisha wiki sita. Akidanganya, watamwamini nani? Mwenye haki ya kumzuia Craig alikuwa Maxine peke yake. Alitema damu kwenye sinki.

"Siyo mimi," alisema. "Mama yake yule pale." Akavuka vioo vilivyovunjika, akamweka mtoto mikononi mwa Maxine.

Maxine akamtazama mtoto usoni. Alipoinua uso, woga ulikuwa umemtoka.

"Mimi ndiye mama," alimwambia askari. "Mwanaume huyu asimguse mwanangu."

Neno hilo lilimuuma Rosalind kuliko friji.

"Twende kwa dada yangu, baba," Maxine alimnong'oneza mtoto. Kisha, bila kumtazama Rosalind: "Nepi zake ziko wapi?"

Rosalind akapanda ngazi kwenda kuzifungasha.