Ukuta wa Kifungu cha Tisa

Mama Stoo alisoma mkataba wa ukuta akiwa amesimama, kwa sababu kiti cha karani kilikuwa na mguu mbovu na yeye hakuwa mtu wa kukalia kitu asichokikagua. Alikuwa ametunza stoo ya hospitali maisha yake yote ya kazi, na huko ndiko alikojifunza kwamba shuka haipotei yenyewe. Siku ya kustaafu alikabidhi funguo zote isipokuwa moja, ambayo mpaka leo anaamini aliibiwa.

Fundi alisimama dirishani akikwangua saruji kavu kwenye kucha. Alikuwa mjenzi wa kuta za matofali ya saruji, mtu wa maneno machache, jambo ambalo Mama Stoo hakulipenda. Mtu anayenyamaza ana anachokipanga.

Vifungu vya mwanzo vilikuwa vya kawaida. Matofali yafyatuliwe hapo hapo kiwanjani, yamwagiliwe maji mpaka yakomae, ukuta upimwe kwa timazi kila kozi ya matofali inapopangwa.

"Ongeza kwamba mfuko wa saruji ukishaingia kiwanjani hautoki," alisema Mama Stoo. Karani akachapa. "Ongeza kwamba tofali lenye ufa halitakaa ukutani." Karani akachapa.

"Mama, wewe hutaki fundi," alisema fundi. "Unataka mfungwa."

"Mfungwa ana askari wa kumlinda. Wewe utalindwa na nani?"

Akiwa ameshika kalamu tayari kutia sahihi, alikumbuka mchezo mwingine wa mafundi: huvuta kamba ndani kidogo ili ukuta uwe mfupi na kazi iishe upesi. Akairudisha kalamu mezani, akataka kifungu cha tisa kiandikwe, naye akakitamka mwenyewe neno kwa neno. *Ukuta utasimama juu ya mpaka wa haki wa kiwanja, hautaingia ndani wala kutoka nje hata kwa upana wa kidole.* Alimtazama fundi kwa jicho la pembeni aone kama atabadilika uso. Hakubadilika. Wakatia sahihi, karani akagonga muhuri.

Mkataba ulianza kazi mara moja. Jioni ya siku ya kwanza fundi alifunga nusu mfuko wa saruji nyuma ya baiskeli yake, akaaga. Baiskeli ilipofika ukingoni mwa kiwanja, magurudumu yakaendelea kuzunguka pale pale. Fundi alikanyaga pedali mpaka shati likamlowa, kisha akashuka, akaurudisha mfuko chini ya turubai, akaenda zake. Kesho yake hakulitaja, na Mama Stoo hakumuuliza. Matofali yenye ufa nayo yalichomoka ukutani moja moja, yakabingirika hadi barabarani na kutulia pembeni, yasizuie watu kupita. Mama Stoo aliyatazama kutoka kibarazani huku akinywa chai. Mchana huo, kwa mara ya kwanza tangu astaafu, alilala bila kufunga mlango wa jikoni.

Upande wa nyuma aliishi wifi yake, dada wa marehemu mumewe, katika nusu ya kiwanja walichoachiwa na wazazi wao. Wifi alikuwa dobi. Kila asubuhi alisukuma toroli la nguo zilizopigwa pasi, akapita kwenye kipande cha ardhi kilichokuwa kati ya nyumba hizo mbili, akatokea barabarani. Sasa ukuta ungekimeza kipande hicho chote, kwa maana jiwe la mpaka lilikuwa huko kwake, karibu na kamba zake za kuanikia. Njia nyingine ilikuwa ukingo wa mtaro wa maji machafu, na hapo toroli halipiti.

"Sawa, wifi," alikuwa amesema alipoambiwa. "Kama ndipo jiwe lilipo, mimi niseme nini?"

Fundi alimaliza upande huo siku ya mapumziko ilipokaribia, msingi wake na kozi zake zote, kutoka jiwe hadi barabarani. Asubuhi iliyofuata ukuta ulikuwa umesogea. Ulikuwa umeacha njia ya toroli nje na kuja kusimama chini ya dirisha la chumba cha Mama Stoo, umenyooka vizuri, saruji kwenye maungio haijapata hata mkwaruzo. Mahali ulipokuwa kulikuwa na majani, na juu ya majani umande.

"Umeuhamisha," Mama Stoo alimwambia fundi.

"Mama, ukuta mzima? Na msingi wake?"

"Basi mmeshirikiana na wifi yangu."

Fundi alichukua nyundo. Aliubomoa, akaujenga upya kwenye jiwe, na Mama Stoo akakaa kwenye kiti akimlinda tangu kozi ya kwanza hadi ya mwisho. Asubuhi ukawa chini ya dirisha tena. Wifi alipita na toroli lake, akasimama, akaugusa ukuta kwa kiganja. "Umepimwa vizuri," alisema, akaendelea na safari.

Mama Stoo aliuchukua mkataba na kwenda kwa karani. Karani alisoma, akavua miwani.

"Ukuta hauna kosa, mama. Unatekeleza kifungu cha tisa. Ungejua ninavyoletewa kesi za kuta zisizotekeleza chochote."

"Jiwe la mpaka liko kule."

"Kifungu hakisemi jiwe. Kinasema mpaka wa haki. Ni maneno yako."

Mama Stoo aliona joto usoni. Jiwe lilihamishwa na mumewe, wiki ile dada yake alipokuwa hospitali akimuuguza mama yao. Alichimba mchana kweupe, na Mama Stoo alimpelekea chai pale pale shimoni. Hakumuuliza anachimba nini. Yeye, ambaye alimhoji kila mtu kuhusu kila kitu, siku hiyo aliuliza tu kama sukari imekolea.

Aliona haya, na haya hiyo ilidumu muda wa feni ya karani kugeuka upande mmoja na kurudi. Kisha akavuta kiti chenye mguu mbovu, akakikalia.

"Futa hicho. Andika ukuta utasimama pale mwenye nyumba anapoonyesha kwa kidole."

Fundi aliitwa. Alisoma kifungu kipya mara mbili, akataka na chake kiongezwe, kwamba yeye hahusiki na mahali, anahusika na matofali tu. Kikaongezwa. Kila mmoja alimtazama mwenzake anavyotia sahihi, wasije wakachezeana.

Jioni Mama Stoo alisimama dirishani, akanyoosha kidole kuelekea kwenye jiwe. Ukuta ukaenda. Ulikwenda taratibu, ukaifunga njia, ukatulia. Naye akashusha mkono afunge dirisha, ukuta ukaanza kurudi.

Aliunyoosha mkono tena. Ukuta ukasimama.

Fundi alimtengenezea ubao wa kuegemeza mkono, akaupigilia misumari kwenye fremu ya dirisha, pamoja na kitambaa cha kuufungia mkono wakati wa kulala. Kwa ubao huo waliandikishana mkataba mwingine. Kiti kikasogezwa, kitanda kikasogezwa, na wageni wakazoea kupokewa kwa mkono wa kushoto. Mtaani watu walisema Mama Stoo ana ukuta mzuri, na kweli ulikuwa mzuri.

Toroli la wifi lilibaki uani kwake, limegeuzwa chini juu. Nguo alizibeba kichwani, robo ya mzigo wa zamani, akipita kando ya mtaro huku ameshika ukuta asiteleze. Asubuhi moja akiwa huko aliisikia sauti ya Mama Stoo ikiita kutoka dirishani.

"Wifi! Njoo uninyweshe chai, mkono wa kulia wenyewe ndio huu, na kwa kushoto sinywi."

Wifi aliutua mzigo mahali pakavu. Alizunguka mtaro wote mpaka barabarani, akaingia kwa mlango wa mbele, akapiga miguu kwenye zulia kutoa tope. Alimshikia kikombe mdomoni, akampulizia kwanza chai isije ikamuunguza.

"Mkono umechoka, wifi?"

"Haujachoka."

"Hata kidogo?"

"Nimekwambia haujachoka."

Wifi alimpangusa kidevu kwa upindo wa khanga, akasuuza kikombe, akarudi alikotoka kwa njia ile ile ya kuzunguka. Mama Stoo alimsikiliza mpaka nyayo zake zikafika mtaroni. Kisha, kwa mkono wa kushoto, akaivuta droo na kuhesabu vijiko.